Maji Tunayomwachia Jirani

Somo: Ezekieli 34:17-19, 2 Wafalme 2:19-22



Nabii Ezekieli aliwakemea kondoo wanono, si kwa sababu walikunywa maji safi, bali kwa sababu walipokwisha kushiba waliyavuruga, na wale dhaifu waliokuja nyuma hawakupata ila matope. Sisi wa Shinyanga twalielewa neno hili upesi. Nchi yetu ni kavu, na tangu mwaka 2009 twanywa maji yaletwayo kwa mabomba kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, kando ya Ziwa Viktoria. Sisi ndio kondoo wanaokuja nyuma.

Basi yafaa tuulize, hao walio kando ya ziwa hufanya nini na maji yao machafu? Mji wa Mwanza una mabwawa ya kusafishia majitaka huko Butuja, Ilemela. Mabwawa ya namna hii hufanya kazi ya ajabu, ijapokuwa harufu yake haimkaribishi mgeni. Majitaka huingia kwanza katika bwawa lenye kina kirefu. Uchafu mzito huzama, na vijidudu visivyohitaji hewa huula. Kisha hupita katika bwawa pana, ambamo mwani wa kijani, kwa nguvu ya jua, huvipa hewa vijidudu vingine viendeleze kazi. Mwisho hukaa siku nyingi katika bwawa la kina kifupi, mpaka jua liue vijidudu vya maradhi. Walakini si nyumba zote za mji zilizofikiwa na bomba la majitaka, na mvua inyeshapo uchafu wa milimani huteremka katika mto Mirongo mpaka ziwani.

Tena liko jambo ambalo jua haliwezi, nalo latuhusu sisi wa nchi ya dhahabu. Zebaki haifi kwa jua. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama huichanganya na mchanga uliosagwa ili ikamate dhahabu, kisha huichoma motoni. Mvuke wake huingia mapafuni, na mabaki huenda na maji ya karo mpaka kijitoni. Huko matopeni vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Nayo huingia katika samaki, na kutoka kwa samaki humfikia mtoto aliye tumboni mwa mamaye. Huko Minamata, nchi ya Japani, kiwanda kilimwaga majitaka yenye zebaki baharini. Ugonjwa ule ulitambuliwa mwaka 1956, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika hata kwa mama walioonekana wazima. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, wa mwaka 2013, umeitwa kwa jina la mji ule, nayo Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Elisha alipoombwa na watu wa Yeriko hakuzunguka na chumvi yake katika mitungi yao. Alitoka akaenda kwenye chemchemi.

Sisi hatukutoka upesi hivyo. Katika mtaa mmoja wa upande wa Geita, kisima tulichotekea maji ya ubatizo kiko chini ya karo za kuoshea dhahabu, na karo hizo ni mali ya mzee wa kanisa, yeye aliyetoa mabati ya paa letu. Mama mmoja alituuliza mbele ya wenzake, "Baba Mchungaji, maji haya ni salama kwa mtoto wangu?" Tukamjibu kwamba ubatizo hautegemei usafi wa maji. Jibu lile ni kweli kwa mafundisho yetu, nasi tulijificha nyuma yake, maana tuliyaogopa mabati.

Baada ya miezi miwili tulimwendea mzee. Hakukasirika. Alisema, "Vijana kumi na wanne hula kwa karo hizi. Nikizifunga, utawalisha wewe?" Hatukuwa na jibu. Tulizungumza mpaka jioni, akakubali kuzihamishia bondeni upande wa pili, kuzijengea sakafu ya saruji, na kununua chombo cha kunasia mvuke wa zebaki. Mpaka tuandikapo haya sakafu imekwisha nusu, na chombo hakijapatikana. Ubatizo wa mwezi huu tulichukua maji ya mjini katika ndoo, na mzee mwenyewe aliibeba.