Je, Ukweli Una Mwenyewe?

Mtu akifyeka pori, akang'oa visiki na kupanda mbegu, majirani hawamwulizi haki yake ya kuvuna. Jasho lake ndilo hati yake. Lakini yule agunduaye jambo ambalo hapana mtu aliyelijua kabla yake, je, naye ana shamba? Aweza kuweka mpaka na kuwaambia wengine, Msiingie humu mpaka nimalize? Swali hili si la wenye elimu kubwa tu, maana kila ajuaye neno jipya huona moyoni tamaa ya kulishika liwe lake peke yake. Na tulitazame katika maisha ya mtu mmoja aliyedai mpaka wa namna hiyo waziwazi, tena kwa maandishi, mwaka 1900.

Mtu huyo ni Moses Gomberg. Alizaliwa mwaka 1866 katika mji wa Elisavetgrad, uliokuwa chini ya wafalme wa Urusi, nao sasa umo katika nchi ya Ukraine. Baba yake alishtakiwa kwamba yumo katika njama za kumpinga mfalme, na mwaka 1884 jamaa yake ikakimbilia Chicago, katika Marekani. Huko walikuwa maskini na wageni, na kijana alifanya kazi za kutwa katika machinjio makubwa ya mji ule. Hata hivyo mwaka 1886 aliingia Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, akasoma elimu ya kemia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1894. Katika chuo hicho hicho akafundisha mpaka uzeeni.

Hatuna budi kueleza kidogo kazi yake, kwani bila hiyo shauri lake halitaeleweka. Wanakemia hufundisha kwamba vitu vyote vimeungwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, na atomi zikishikana hufanya molekuli. Kila namna ya atomi ina kiasi chake cha kushika nyingine, kana kwamba ina mikono. Kaboni, ambayo ndiyo iliyo nyingi katika makaa, na katika kuni na sukari na mafuta imo pia, ina mikono minne. Tangu mwaka 1858, August Kekulé alipolieleza jambo hilo, elimu yote ya vitu vyenye kaboni ilijengwa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Watu walikuwa wametafuta molekuli yenye kaboni ya mikono mitatu, wakaikosa, hata wengi wakasema haiwezi kuwako.

Gomberg hakuitafuta. Alikuwa amekwenda Ujerumani, na huko Heidelberg mwaka 1897 alifaulu kutengeneza molekuli ambayo wengi waliijaribu wakashindwa: kaboni moja iliyoshika kwa mikono yake minne pete nne, kila pete ya kaboni sita. Aliporudi Ann Arbor alitaka kutengeneza ndugu yake mkubwa, yaani kaboni mbili zilizoshikana mkono, na kila moja imeshika pete tatu. Akachanganya dawa zake pamoja na unga wa fedha, akapata kitu cheupe, kikavu, kizuri cha kutazama. Akakipima. Kwa hesabu, katika sehemu 100 za kitu kile kaboni ilipasa kuwa karibu 94. Akapata kama 88 tu.

Hapo ndipo twamheshimu zaidi. Sehemu sita katika mia ni nini? Mtu mwingine angalisema kwamba mizani ina kosa, au kitu hakikusafishwa vema, naye angaliandika 94 kwa sababu 94 ndiyo iliyotakiwa. Yeye alipima tena na tena, akabadili njia za kukitengeneza, na hesabu ikabaki vile vile. Mwisho akatambua kwamba upungufu ule ni oksijeni, na oksijeni haikuwamo katika dawa zake. Imetoka wapi? Imetoka katika hewa ya chumba. Akaifanya kazi upya katika chombo kisichoingia hewa, akaona maji ya dawa yamekuwa ya manjano; na yalipopata hewa tu, yaliinywa oksijeni kwa pupa, na kile kitu cheupe kikarudi. Basi akaandika kwamba lazima mle ndani imo kaboni yenye pete tatu na mkono mmoja mtupu, unaonyoshwa kushika chochote kipitacho.

Habari hiyo aliitoa mwaka 1900 katika gazeti la wanakemia wa Marekani, na katika gazeti la Wajerumani pia. Na mwisho wa maneno yake akaongeza kwamba kazi itaendelea, naye ataka uwanja huo uachwe kwa ajili yake. Ombi kama hilo halikuwa ajabu kwa wanakemia wa siku zile; lakini lina haki gani?

Sisi twaona kwamba lina haki, ila si ile ya mwenye shamba. Shamba likigawanywa kwa watu wawili, kila mmoja apata nusu. Ukweli si hivyo. Jirani ajapo asubuhi kuomba kaa la moto, ukampa, jiko lako halipoi. Wala Gomberg hakuficha kitu: katika kurasa zile zile alizoomba mpaka, alieleza dawa zote na vipimo vyote, hata msomaji ye yote mwenye vyombo aliweza kufanya kama yeye. Angalifunga mlango, asingehitaji kuomba. Tumewajua watu waliozikwa pamoja na dawa zao kwa kuogopa kunyang'anywa, na hasara ikawa ya watoto wao. Huyu alifungua mlango wazi, kisha akawaomba wapitao wasubiri kidogo. Tena alikuwa na sababu, maana alifanya kazi karibu peke yake, mbali na miji ya Ulaya ambako bwana mmoja mwenye wanafunzi wengi aliweza kumaliza kwa mwezi kazi ambayo yeye angeifanya kwa mwaka. Basi mpaka wake ulimlinda mtu. Haukuulinda ukweli, kwa kuwa ukweli hauhitaji boma.

Lakini yatupasa kusema na upande wa pili. Wengine hawakukawia kuingia, na kuingia kwao kulifaa. Gomberg mwenyewe alisumbuliwa na jambo moja: alipopima uzito wa molekuli zake katika maji ya dawa, nyingi zilionekana kuwa mbili mbili, zimeshikana, na chache tu ndizo zilizo pekee. Wenye shaka wakapata nguvu ya kusema kwamba huo mkono mtupu ni ndoto. Mwaka 1910 Mjerumani Wilhelm Schlenk alitengeneza molekuli ya ukoo ule, yenye pete nyingi zaidi, ambayo haikushikana na mwenziwe hata kidogo, na shaka ikapungua sana. Mwaka 1929 Fritz Paneth alionyesha kwamba hata zile ndogo kabisa huweza kuwako kwa kitambo kifupi. Leo molekuli hizo huitwa radikali huru, na kwa njia yake hutengenezwa plastiki nyingi zilizomo majumbani mwetu. Kama wote wangalingoja nje ya mpaka, shaka ingalidumu, na aliyeumia kwanza angalikuwa Gomberg.

Kuna neno zito zaidi. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika vita, serikali ilimtaka Gomberg atafute njia ya kutengeneza gesi ya haradali, ambayo Wajerumani walianza kuitumia mwezi wa Julai mwaka ule. Sumu iunguzayo ngozi na macho na mapafu. Kazi hiyo ilimchukiza, lakini aliifanya, na njia yake ikachapishwa mwaka 1919. Hatumhukumu upesi, maana nchi ile ilimpokea alipokuwa mkimbizi. Walakini twaona kwamba watu huomba kuitwa wa kwanza katika uvumbuzi, na ni wachache waombao kuulizwa habari za madhara yake. Kwetu mwenye ng'ombe hupata maziwa, na ng'ombe akila mahindi ya jirani, mwenye ng'ombe ndiye aitwaye barazani. Adaiye haki ya jasho katika elimu hawezi kuukataa wito huo. Wala haitoshi kusema, Niliamriwa, ingawa aliyeamuru naye ana hesabu yake, na pengine iliyo kubwa zaidi.

Gomberg hakuoa, aliishi pamoja na dada yake, Sophia. Mwaka 1931 alikuwa rais wa chama cha wanakemia wa Marekani, mwaka 1936 akastaafu, na mwaka 1947 akafa. Mali yake aliiachia idara ya kemia ya chuo chake, isaidie wanafunzi.

Na ile molekuli kubwa aliyoitafuta tangu mwanzo? Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba zile mbili mbili zilizoshikana ndiyo hiyo. Mwaka 1905 Paul Jacobson, mmoja wa walioingia katika uwanja ule, alikuwa amesema kwamba zimeshikana kwa namna nyingine: mkono wa moja umeshika ukingo wa pete ya mwenzake. Wengi hawakumfuata. Mwaka 1968 wanakemia watatu katika Uholanzi walizichunguza kwa vyombo vipya, wakaona kwamba Jacobson alisema kweli.