Kijana Achague Masomo kwa Ajili ya Nani?



Kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, vijana wetu wa Kilolo huondoka Dabaga, Pomerini na Ilula kwenda vyuoni. Wengine hawaendi mbali, hufika Iringa mjini tu, kwenye Chuo Kikuu kilichoanzishwa na Kanisa la Kilutheri. Wengine huenda Dodoma au Dar es Salaam. Na siku hizi wengi wao wataka kujifunza sayansi ya kompyuta, yaani elimu ya kuitungia mashine amri zake.

Kijana akifika, huonyeshwa orodha ya masomo. Yako ya lazima, nayo hayana shauri. Yako na ya hiari, na hapo ndipo moyo hujaribiwa. Somo moja ni hesabu za mantiki, gumu, lenye kukesha. Jingine lafundisha kutumia chombo fulani kilichoenea mwaka huu, nalo ni jepesi. Wenzake wamwambia, “Chukua jepesi, alama zitakuwa nzuri.” Baba yake amekwisha kumwambia, “Mwanangu, soma lile linaloleta mshahara.” Je, akichagua jepesi, amekosa?

Tusiharakishe kumhukumu, maana hofu yake si ya bure. Ada yake imetoka katika viazi, nyanya na mbao, na pengine katika sadaka ya usharika. Kama ana mkopo wa Bodi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, akishindwa mitihani yuko hatarini kuukosa. Mwana wa tajiri aweza kujaribu, akaanguka, akajaribu tena. Mwana wa maskini hana nafasi ya kukosea mara mbili.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo hana budi kuyafikiri.

Kwanza, vyombo huchakaa, bali misingi hudumu. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hesabu tupu mipaka ya mambo ambayo mashine yaweza kuyaamua, na wakati ule kompyuta za namna ya leo zilikuwa hazijaundwa. Neno lake lasimama hata sasa. Lakini lugha za kuiamuru mashine zimefuatana: COBOL ilitungwa mwaka 1959, C mwaka 1972, na baada yake nyingine nyingi. Fundi aijuaye miti hutengeneza kiti kizuri hata akibadilishiwa randa. Yeye aliyejifunza randa moja tu, siku itakapovunjika atakaa bure.

Pili, ujinga wa mtunga amri huwaangukia watu wengine. Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ililetwa mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Lakini kazi ya kuzitia hesabu za serikali katika mashine haikufanikiwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali. Mashine haina dhamiri, wala haijui kama yakosea. Hutenda lile iliyoamriwa. Siku hizi mama mjane huko kijijini hupokea fedha za mwanawe kwa simu, na mgonjwa huandikwa dawa zake katika kompyuta. Watu hao hawatamjua kamwe aliyezitunga amri zile, wala hawawezi kuzikagua. Basi huyo ndiye jirani wa mwanafunzi wetu, ingawa hajamwona bado. Anapolikwepa somo gumu, huenda anaikwepa haki ya jirani huyo.

Mtu atasema, “Basi kila kijana alazimishwe hesabu?” Sivyo. Vipawa havilingani. Mwenye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama, na aliyejaribu kwa kweli akaona kipimo chake, akiliacha somo hilo ana busara, wala asione haya. Lakini yuko mwingine aliachaye kwa kuogopa taabu tu, naye huyapunguza mali ya wote waliomchangia. Yuko na wa tatu achukuaye lililo gumu ili asifiwe; huyu naye amejichagulia nafsi yake, si jirani. Kwa macho ya nje watatu hawa hawapambanuliki. Kila mmoja hujijua mwenyewe usiku, taa ikiisha kuzimwa.

Sasa neno hili latugeukia sisi wazazi, walimu na wazee wa usharika. Twamtaka kijana awe na ujasiri, lakini akirudi likizo twamuuliza nini? Twauliza, “Utalipwa kiasi gani?” Na akipata alama ndogo katika somo gumu, twanong’ona kwamba fedha zetu zimepotea. Kwa hiyo sisi wenyewe twamfundisha kukimbilia jepesi, kisha twamlaumu kwa kukimbia. Tukitaka achague vema, yatupasa kuuchukua pamoja naye mzigo wa hofu yake. Tumwambie kabla hajapanda basi: “Ukijitahidi kwa kweli ukaanguka, hutakuwa mjinga kwetu, nasi tutatafuta tena.” Ahadi hiyo yaweza kutugharimu magunia mengine ya viazi. Wala tusiitoe kama hatuna nia ya kuitimiza.

Kisha tumuulize swali moja tu: “Elimu hii, utamfaa nani nayo?” Jibu tumwachie yeye.