Je, Akiba Haiozi?

Yafaa tuanze na swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukifundisha methali isemayo "Akiba haiozi" katika darasa moja la pande hizi za Lunyo, wilayani Busia, nchini Uganda. Mtoto mmoja akainua mkono, akasema: "Lakini, mwalimu, mahindi ya nyumbani yaliwekwa akiba, nayo yakaoza." Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa mtoto yule alisema kweli, na jibu hatukuwa nalo.

Kila mkulima wa mpakani aijua kweli hiyo. Wakati wa mavuno, kwenda sokoni ni furaha kubwa: viazi vitamu vimepangwa mafungu mafungu, mihogo, wimbi na maharage vimejaa tele, na Wasamia, Wateso na Wapadhola hutaniana huku wakipatana bei. Lakini neema hiyo haidumu. Ndiyo maana wazee wetu walilifanya jua kuwa mshirika wao. Wateso huvikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika, wakaviita amukeke. Vilivyopondwa kisha kuanikwa huitwa inginyo. Kiazi kibichi hakikai siku nyingi, bali amukeke hulisha nyumba katika miezi ya njaa.

Hata hivyo, kuhifadhi si kuweka tu. Mahindi yatiwayo guniani kabla ya kukauka huota kuvu, na baadhi ya kuvu huzaa sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haimalizwi na moto wa jikoni. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mwezi Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki hutaka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5.

Hapa ndipo swali la maadili linapozaliwa. Mahindi yetu yakishavuka mpaka, mlaji wake hatutamwona kamwe. Je, tuna wajibu gani kwa mtu tusiyemjua? Sisi twaona kwamba anayeanika kwa uangalifu humtendea haki mtu huyo kabla hajakutana naye. Na anayeuza mahindi mabichi akidai ni makavu humdhulumu, hata kama hakuna atakayejua.

Tena kuna kuoza kwa namna ya pili. Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaribiana kwa sauti: kuhifadhi na kuhodhi. Ahifadhiye hukilinda chakula kwa ajili ya mlaji. Ahodhiye humnyima mlaji chakula hicho mpaka bei ipande. Magunia yaweza kuwa sawasawa, na ghala likawa moja. Tofauti imo katika nia. Mahindi ya mlanguzi aghalabu huwa makavu kabisa, ila utu wake ndio uliooza.

Huenda msomaji akatuuliza: vipi maskini anayeuza mahindi mabichi kwa kuwa karo ya mtoto yadaiwa leo? Hatuwezi kumlaumu sawa na tajiri mwenye turubai na ghala. Kuanika kwahitaji siku, na siku ni mali ambayo mwenye dhiki hana. Basi wajibu huu si wake peke yake. Mnunuzi anayetoa bei ile ile kwa makavu na kwa mabichi, naye ameshiriki kuyaozesha.

Siku ya pili tulimrudia mtoto yule. Tukamweleza kwamba methali hii haisimulii mambo yalivyo, bali yaagiza yanavyopasa kuwa: chakula huwa akiba pale tu mtu alipokitumikia kwa jua, kwa jasho na kwa kumfikiria atakayekila. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Basi, mwalimu, sisi hatukuwa na akiba. Tulikuwa na mahindi tu."