Saumu na Maji Yasiyopita Kinywani

Mtu aliyefunga Ramadhani anaingizwa kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo ili daktari atazame kibofu chake. Kibofu kitupu hakitazamiki, kwa kuwa kuta zake hukunjamana na kugusana. Kwa hiyo maji safi ya chumvi hutiririshwa ndani kutoka mfuko uliotundikwa juu, mpaka kibofu kijae na kuta zinyooke. Kazi yote ni ya dakika chache, kwa ganzi ya kupaka, kisha mgonjwa huenda msalani na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Je, saumu yake ipo? Swali linaonekana dogo, la kuulizwa msikitini baada ya alasiri na kujibiwa kwa neno moja. Lakini huwezi kulijibu bila kwanza kuamua saumu ni kitu gani: ni mwili kuzibwa usiingiwe na kitu, au ni mtu kujizuia. Nashikilia la pili, na naamini mifuko ya maji inayoning'inia katika vyumba vya upasuaji inatoa ushahidi wenye nguvu kuliko tulivyozoea kuudai.

Kwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wao ni Washafii, jibu la kale ni zito. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameandika katika Minhaj kwamba kutia matone ndani ya sikio au katika njia ya mkojo kunabatilisha saumu kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ilhali wanja wa jicho haudhuru, wala mafuta yanayopenya kwenye vinyweleo. Kanuni yao iko wazi: kitu kikifika katika uwazi wa ndani ya mwili, ule ambao vitabu vinauita jauf, kwa kupitia tundu lililo wazi, saumu imeondoka, kiwe tonge la wali au kijiwe. Kanuni hii si ya kudharauliwa. Inapimika, na haimwachii mtu nafasi ya kujihukumu kwa kufuata matamanio yake. Ina msingi pia katika hadithi ya Laqit bin Sabira, ambamo Mtume (s.a.w.) anaagiza maji yapandishwe puani kwa bidii wakati wa kutawadha, isipokuwa mtu akiwa amefunga. Pua si kinywa, na bado ilichungwa.

Hata hivyo mafakihi wenyewe walijua kuwa kanuni hiyo imesimama juu ya ramani ya mwili, na ramani ilikuwa na mashaka. Upande wa Wahanafi, Abu Yusuf aliona tone katika njia ya mkojo linabatilisha. Abu Hanifa akaona halibatilishi. Al-Marghinani, katika al-Hidaya aliyoiandika karne ya 12, anaeleza kwamba tofauti yao inatokana na kama ipo njia baina ya kibofu na tumbo au haipo, kisha anasema jambo hilo halimo katika mlango wa fiqhi. Maana yake ni kwamba hapo mwenye neno ni tabibu, na tabibu ameshajibu: mkojo hutoka kwenye figo kwa mirija miwili, na kati ya kibofu na utumbo wa mtu mzima wa afya hakuna mlango wowote. Ndiyo maana Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, liliweka mpira wa mkojo, kamera ya kibofu na maji ya kuoshea kibofu katika orodha ya yasiyobatilisha saumu. Kamera ya tumboni nayo iliruhusiwa, kwa sharti kwamba isiambatane na kuingizwa maji au kitu kingine.

Sharti hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, maana linaonyesha jinsi kipimo cha tundu kinavyotatiza hata wanaokiacha nusu nusu. Kwenye mpini wa kamera ya tumboni kuna kitufe chenye tundu dogo. Daktari akiliziba kwa kidole, hewa hupulizwa tumboni. Akikibonyeza kitufe chenyewe, maji hurushwa kusafisha kioo cha kamera, kwa kuwa ute hukifunika kila mara. Bila maji hayo daktari anatazama ukungu. Basi ruhusa iliyotolewa kwa mkono mmoja imechukuliwa na mwingine, na kilichoiondoa ni matone ya kuoshea kioo, ambayo mengi yake hufyonzwa na kutolewa nje kwa mrija ule ule. (Hospitali, kwa upande wake, huwa imekwisha kumtaka mgonjwa asile chochote kwa saa sita. Ni miongoni mwa mahali pachache ambapo daktari na imamu hutoa agizo moja.)

Ushahidi mzito zaidi uko katika upasuaji wa tezi dume kupitia njia ya mkojo. Daktari hukwangua nyama iliyokua kwa waya wenye umeme, huku maji yakitiririka mfululizo kuondoa damu na vipande. Maji ya chumvi hupitisha umeme na kuutawanya, kwa hiyo kwa miongo mingi yakatumika maji yaliyochanganywa na glaisini, asilimia 1.5; waya wa aina mpya ndio unaoruhusu maji ya chumvi. Tatizo ni kwamba mkwanguo hufungua vena za tezi, na maji huingia humo moja kwa moja kwenye damu, kwa kiasi kinachotajwa mara nyingi kuwa mililita 10 hadi 30 kwa dakika. Kazi ya saa nzima inaweza kumwingiza mtu lita moja na zaidi. Maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka, mgonjwa huanza kuchanganyikiwa, na anaweza kufa. Kwa sababu hiyo mfuko hautundikwi juu sana, muda wa kukwangua huwekewa mpaka, na muuguzi huhesabu yaliyoingia na yaliyotoka. Katika upasuaji wa ndani ya mfuko wa uzazi zipo mashine zinazofanya hesabu hiyo zenyewe na kupiga kengele, kwa kuwa maji ya chumvi yakipotelea mwilini kufikia mililita 2,500 kazi hutakiwa kusimama. Pengo katika hesabu ndicho kiasi ambacho mwili umekunywa.

Tumfikirie basi mgonjwa huyo, akiwa macho kwa ganzi ya mgongo. Aghalabu atakuwa amewekewa dripu pia, lakini tuliweke hilo kando. Koo lake limekauka. Damu yake imepokea lita ya maji, na ndani yake glaisini, ambayo ni mojawapo ya vijenzi vya protini, ile ile iliyomo kwenye nyama. Kipimo cha tundu kitasema amefungua tangu maji yalipogusa kibofu, kabla tone lolote halijafika kwenye damu. Yaani kinahukumu wakati mwili haujapata kitu. Lakini kipimo cha lishe, ambacho wengi wetu tungekikimbilia, nacho kinaanguka. Kitatulazimisha kusema mtu huyu amekula na kunywa, wakati yeye, daktari na muuguzi wamepambana muda wote maji yasiingie. Vipimo vyote viwili vina kasoro ile ile: vinautazama mwili na kuuliza umepokea nini. Hakuna kinachomuuliza mtu amefanya nini.

Sheria yenyewe ilikwisha kuuliza hivyo, katika hadithi ya Abu Hurayra kuhusu aliyekula kwa kusahau: aendelee na saumu yake, riziki ile imehesabiwa kuwa imetoka kwa Mola. Tonge limepita kinywani, limefika tumboni, limemshibisha, na saumu ipo. Kama saumu ingekuwa hali ya tumbo, hilo lisingewezekana. Atakayepinga atasema kusahau ni udhuru tu, hakubadilishi maana ya saumu. Nauheshimu upinzani huo, na Imamu Malik anauelekea anapomtaka aliyesahau katika Ramadhani ailipe siku yake. Lakini tazama udhu. Aliyesahau kutawadha akasali hana dhambi, na bado sala yake haikusihi, atairudia. Huko kusahau kunaondoa lawama bila kuokoa ibada. Katika saumu, kwa wanazuoni walio wengi, kunaokoa vyote viwili. Tofauti hiyo inaeleweka kwa urahisi ikiwa tohara ni hali ya mwili na saumu ni tendo la kujizuia: asiyekusudia kula hajaacha kujizuia.

Wapo watakaosema mjadala huu ni wa bure kwa kuwa mgonjwa ameruhusiwa kula na atalipa siku nyingine. Ruhusa ni ya kweli, na anayeikataa hadi kujiumiza hajapata fadhila yoyote. Lakini anayechunguzwa kibofu kwa dakika chache pengine si mgonjwa wa kushindwa kufunga, na anayeishi na mpira wa mkojo unaoziba na kuhitaji kusukumiwa maji mara kwa mara angetakiwa kulipa siku zisizokwisha. Wengine wanahofia kwamba tukishaingiza nia, kila mtu atajihalalishia. Hofu hiyo ingekuwa na uzito kama ningesema nia pekee inatosha. Anayekubali kwa makusudi kitu kinachosimama mahali pa chakula au kinywaji amefungua, kipite kinywani au kwenye mshipa. Lita ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, na baraza la Jeddah lilizitoa dripu za lishe nje ya msamaha wake. Mimi nakwenda mbele kidogo: hata dripu ya chumvi tupu, ikitundikwa kumrudishia maji aliyekaukiwa, ni kinywaji.

Pagumu kweli ni dayalisisi ya tumboni, ambayo baraza liliiahirisha kwa utafiti zaidi. Maji, kwa kawaida lita mbili hivi, hujazwa tumboni, hukaa kwa saa kadhaa yakivuta taka za damu, kisha hutolewa. Yana sukari ili yavute maji ya ziada mwilini; hakuna aliyekusudia kumlisha mtu. Ukiishia kwenye nia, utasema hajafungua. Ila sehemu kubwa ya sukari hiyo hufyonzwa, kila siku, kwa kujulikana, na wataalamu wa lishe huihesabu katika chakula cha mgonjwa. Hilo si sawa na maji yaliyomponyoka daktari kupitia vena. Kitu kinachopangiwa nafasi katika mlo wa mtu ni mlo wake, hata kama kiliwekwa kwa kazi nyingine. Naona anayetumia njia hii mchana amefungua, na akiwa hatarajiwi kupona, lililo juu yake ni fidia ya kulisha maskini kwa kila siku, wala hadaiwi kulipa.