Kosa Moja kwa Mizani Mbili

Katika miaka ya mwanzo ya utumishi wetu tulifanya kazi ya ukarani katika baraza moja la usuluhishi wa ndoa. Siku moja alifika mama wa makamo, akaeleza kwa utulivu kwamba mumewe alikuwa na mwanamke mwingine mtaa wa pili, na kwamba jambo hilo halikuwa siri tena, maana mtoto wao mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka samaki huko. Wazee wa baraza walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mwenyekiti akamwambia, "Tumekuelewa, mama. Zaidi ya hilo, amekukosea nini?" Yule mama akanyamaza. Hakuwa na la zaidi. Hakuwa akipigwa, unga ulikuwapo nyumbani, na ada ya watoto ililipwa.

Wiki ile ile alikuja mwanamume na shtaka lilo hilo juu ya mkewe. Huyu hakuulizwa la zaidi. Alipewa pole, akaletewa maji ya kunywa.

Hatudhani mwenyekiti yule alikuwa mtu mbaya. Swali lake lina asili ya mbali, na yako mahali ambapo liliwahi kuwa sheria iliyopigwa chapa. Huko Uingereza, sheria ya talaka ya mwaka 1857 ilimruhusu mume kudai talaka kwa kuthibitisha uzinzi wa mkewe tu, basi. Mke hakutoshelezwa na uzinzi wa mumewe. Ilimpasa aongeze jambo juu yake, mathalani ukatili, au kutelekezwa kwa miaka miwili. Waingereza wenyewe waliiondoa tofauti hiyo mwaka 1923. Lakini walikuwa wamekwisha kuipeleka kwa jirani zetu wa Uganda katika sheria ya talaka ya mwaka 1904, na huko ikadumu hadi mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ilipoamua, katika shauri lililofunguliwa na chama cha wanawake wanasheria, kwamba mume na mke wapimwe kwa kipimo kimoja. Yaani vazi alilolivua mwenyewe lilivaliwa na mtoto wa kupanga miaka 81 zaidi! Mwaka 2007 mahakama hiyo hiyo ilifuta pia kifungu cha sheria ya jinai kilichomtia hatiani mke wa mtu kwa kulala na mwanamume yeyote asiye mumewe, ilhali mume aliyelala na mwanamke asiyeolewa hakuwa na kosa.

Kifungu hicho cha jinai chafaa kutazamwa tena, kwani kinafichua fikira iliyo chini yake. Mwanamume alihesabiwa kuwa na hatia pale tu mwanamke alipokuwa na mwenyewe. Basi lililolindwa halikuwa kiapo, bali mali ya mwanamume mwingine. Nasi tusijitoe. Katika mila nyingi za makabila yetu, fidia ya ugoni ilidaiwa na mume kutoka kwa mwanamume mwenzake. Mke hakuwa mdai katika shauri hilo. Alikuwa kile kilichogombewa.

Hapa ndipo penye suala lenyewe la maadili, nalo twaliweka mbele ya walimu na wanafunzi walijadili. Uzinzi ni kosa la namna gani? Ikiwa ni wizi, basi ataibiwa mwenye mali peke yake, na desturi yetu ilikwisha kuamua nani ni mwenye mali na nani ni mali. Ikiwa ni kuvunja ahadi, basi kila aliyeahidiwa huumia sawasawa, kwa kuwa ahadi ilitolewa na vinywa viwili. Haiwezekani kushika yote mawili: kumwapisha bwana arusi mbele ya mashahidi, kisha akivunja kiapo tukamwuliza mkewe ameibiwa nini.

Wako wanaojibu kuwa hofu yetu ni damu: mume asije akalea mtoto asiye wake. Hoja hii haina budi kuheshimiwa, kwani wengi wameumizwa na jambo hilo. Hata hivyo haifiki mbali. Mtoto aliyezaliwa na mume nje naye hula, husoma, hudai urithi, na mara nyingi huletwa nyumbani siku ya msiba, mjane akiwa bado ameketi mkekani. Hakuna anayemwuliza mjane iwapo alijua.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilichagua upande wa ahadi. Inasema mume au mke. Uzinzi wa yeyote kati yao waweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hasa unapoendelezwa licha ya mwenzi kulalamika. Yeyote kati yao aweza kumdai fidia mtu aliyezini na mwenzi wake. Hakuna neno "zaidi ya hilo". Kweli, katika kukadiria fidia mahakama huelekezwa kuzingatia desturi za jamii ya wahusika, na kwa dirisha hilo mizani ya kale yaweza kurudi ndani. Tena liko jambo la mitala. Katika ndoa ya wake wengi, mwanamke wa nje aweza kuitwa mchumba. Mke ana haki ya kuweka pingamizi, mathalani akionyesha kwamba kipato cha mume hakitatosha, lakini yeye mwenyewe hana mlango kama huo. Hatuyasemi haya kuwatukana wenye wake wengi. Aoaye hadharani amejifunga kutunza, wala huyo si mgoni. Twamsema yule anayekumbuka ruhusa ya mitala siku anapofumaniwa.

Lugha yetu nayo imekuwa karani mwaminifu wa mizani hiyo. Mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa. Mume mwenye mwanamke wa pembeni twasema ana nyumba ndogo, neno lenye paa, kuta, na hata heshima kidogo. Mke akitenda hayo hatumjengei hata kibanda.

Nasi tunaoandika haya tumo. Zamu yetu ya ukarani ilipokwisha tulipekua daftari la baraza kabla ya kulikabidhi, tukayakuta mashauri yale mawili ya wiki moja, kurasa zinazotazamana. La mwanamume lilikuwa na mistari minne, likianza: "Mume ameeleza kwamba mkewe..." La yule mama lilijaza ukurasa mzima na kuvuka nyuma, likianza: "Mke anadai kwamba mumewe..." Hati ilikuwa yetu, na wino ulikuwa wetu. Hakuna aliyetuagiza kuandika hivyo.