Asali Halali, Kimea Halali: Haramu Huingia Wapi?

Changanya asali na maji, tia kimea cha ulezi au cha shayiri, funika chungu, kaa usubiri. Hakuna kilichoingia humo ambacho mtu wa dini angekiogopa. Asali yenyewe imesifiwa ndani ya Qurani, sura ya 16, kuwa ina ponyo kwa watu. Baada ya siku kadhaa chungu kilekile kina pombe, na hakuna aliyemimina pombe ndani yake. Hamira imekula sukari ikaacha alkoholi, kazi ambayo ingefanyika hata kama mpishi amelala. Ikiwa viungo ni safi na badiliko ni la maumbile, ubaya umetoka wapi? Wapo wanaousaka ndani ya chungu. Nadhani hapo hawataupata kamwe, kwa sababu ubaya wa pombe huanza pale inapokutana na akili ya mnywaji.

Swali hili ni kongwe. Watu wa Yemen walikuwa na pombe mbili, bit'i ya asali na mizri ya nafaka, na Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa kwao alimwuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) hukumu ya pombe hizo. Jibu halikugusa mizinga wala mashamba ya shayiri. Lilitazama kulevya peke yake. Mapokezi mengine yanasema Mtume akiloweshewa zabibu katika maji, akinywa mpaka siku ya tatu, kisha kilichobaki hakinywi tena. Zabibu ni zilezile na maji ni yaleyale, ila muda umepita. Na mvinyo ukigeuka siki wenyewe, wanachuoni wanasema umerudi kuwa halali. Kama haramu ingekuwa imo katika kitu, isingeweza kuja na kuondoka hivi. Wala hatuhitaji kwenda Yemen kuliona hili: togwa ya kimea hupewa watoto ikiwa bado tamu, lakini ikiachwa ichachuke zaidi huwa pombe, na mama yuleyule atawafukuza watoto kwenye chungu.

Imam Abu Hanifa wa Kufa, aliyefariki mwaka 767, anatupa pingamizi zito. Aliona kwamba pombe za asali na nafaka si sawa na mvinyo wa zabibu, hivyo kinachokatazwa ni kile kiasi kinacholevya. Hoja ina mantiki: ukishikilia athari, kikombe kisicholevya kina kosa gani? Hata hivyo mwanafunzi wake, Muhammad al-Shaybani, hakumfuata, na fatwa za Kihanafi za baadaye zilielemea upande wa mwanafunzi. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, yamekataza kichache na kingi pamoja. Naona wako sahihi, na sababu haihusu usafi. Anayepaswa kusema "basi, imetosha" ni akili, nayo ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Mizani inayopotoka kila unapoipimia haiwezi kuachiwa ihukumu kipimo cha mwisho. Pombe ya asali ina hila zaidi, maana utamu wake huficha ukali mpaka magoti yatoe taarifa.

Mtu atasema: mbona muratina ya Wakikuyu, ya asali na matunda makavu ya mwegea, ilikuwa kinywaji cha ibada, ikimwagwa chini kwa ajili ya wahenga? Ni kweli, na simwoni mzee aliyeimwaga kuwa mpumbavu wala mpotovu. Lakini tazama alivyoizungushia uzio: kijana haruhusiwi, shughuli inajulikana, wenzake wamekaa wakimwona. Naye pia hakumwamini mnywaji ajihukumu peke yake. Kazi hiyo aliipa jamii, kama mwanachuoni alivyoipa sheria. Kwa hiyo anayenitia shaka zaidi ni mpishi wa leo anayechachua asali na kimea jikoni kwake, ana chombo cha kupimia sukari na ukali, akaamini kwamba tarakimu zimemaliza suala. Chombo kile kinapima kilichomo ndani ya chupa tu. Asiyefuata katazo la dini wala uzio wa wazee ana wajibu wa kumtaja, kabla ya kufungua chupa ya kwanza, mtu mwingine atakayemwambia "acha", na kukubali mapema kumtii.