Mizani ya Getini

Ndugu yangu unayetaka kupanda Kilimanjaro ukamtafute Mungu, sikia neno hili. Ibada yako haianzii kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu, jua likichomoza na watu wakikumbatiana kwa machozi. Inaanzia chini, getini, kwenye mizani.

Pale Machame au Marangu mizigo ya wagumu, yaani wapagazi, hupimwa kabla ya safari. Mpaka uliowekwa ni kilo 20 kwa mpagazi mmoja. Simama utazame. Gunia linatundikwa, mshale unatikisika, unatulia, anayepima anaandika. Humo ndani mna hema lako, unga wako, mtungi wa gesi wa kukuchemshia chai ya asubuhi. Kisha ingia msituni na safari iliyopangwa na mtu asiyemcha Mungu. Kwenye kona ya kwanza kamba zinafunguliwa, na mzigo uliofichwa machoni pa mpimaji unarudi mgongoni mwa kijana mwenye raba zilizochanika. Wapagazi walipunguzwa ili faida iongezeke. Wewe uko mbele na chupa yako ya maji, unaimba pambio. Wimbo huo Mungu aupokee vipi?

Torati ya Musa ilikataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na jingine jepesi. Iliagiza pia kibarua maskini apewe ujira wake kabla jua halijatua. Amri hizo hazikuwahusu wauza nafaka wa kale peke yao. Zinatuhusu sisi, siku ya kushuka, bahasha zinapogawiwa na mgumu anaambiwa atie saini kiasi ambacho hakukipokea.

Uongo mwingine mlimani tunaufanya kwa kinywa chetu wenyewe. Umefika kambi ya Kibo, mita zaidi ya 4,700, usiku wa kuanza kupanda kileleni. Kiongozi anakuuliza kwa upole: kichwa vipi? Umekula? Umetapika? Unajibu, "Niko salama," na huku kichwa kinapasuka, kwa sababu ulilitangazia kanisa zima kwamba utafika. Usiuite huo ushujaa, na nakusihi, usiuite imani! Ugonjwa wa mwinuko hujaza maji mapafuni, huvimbisha ubongo, mtu akaanza kuyumba kama mlevi. Dawa yake ya kwanza ni kumshusha, usiku huohuo. Anayeficha anajiua, na anawatia hatarini vijana watakaombeba kwenye machela gizani, juu ya mawe yanayoteleza, nao wana watoto nyumbani. Sema kweli, ushuke. Mungu aliyeko kileleni yuko pia kambi ya Horombo, huko chini.

Mlima huu unamjua shahidi mkweli. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliona theluji juu ya kilele cha Kibo akaandika alichokiona. Wasomi wa London, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, walimpinga: theluji karibu na ikweta? Hawakuwa wamekanyaga hapa. Rebmann hakupunguza neno ili akubalike. Ilipita zaidi ya miaka kumi ndipo mvumbuzi Karl Klaus von der Decken alipopanda, mwaka 1861 na tena 1862, na ushahidi ukasimama. Imani ninayoihubiri ni ya namna hiyo: kusema ulichokiona, kwa kipimo chake, hata wakubwa wakikubeza.

Basi wewe unayejiandaa kupanda mwaka huu, funga, omba, fanya mazoezi. Lakini kabla hujalipa hata shilingi, mwulize mwenye kampuni ana kwa ana: mgumu wangu analipwa kiasi gani kwa siku? Analala wapi, na blanketi gani? Anakula mara ngapi? Asipokujibu waziwazi, chukua fedha yako utafute kampuni nyingine. Na siku ya kupima, uwepo getini mwenyewe.